Lebo Chini ya Hondohondo

Hospitalini walimwita Mama Lebo, na hakukasirika. Miaka ishirini na sita alikaa katika maabara ileile, dirisha lake likitazama ua wa kuanikia mashuka, akipokea vichupa vya damu na vikopo vyenye mambo tusiyoyataja mezani. Kichupa kisicho na tarehe, saa na mahali kilipotoka alikirudisha wodini, hata kama aliyekileta ni daktari mkuu mwenyewe na tai yake shingoni. "Sampuli bila lebo ni uchafu tu," alisema, na mkubwa akarudi alikotoka akinung'unika.

Sasa mtu wa namna hiyo aliposhikwa na wazimu wa kupiga picha ndege wa msituni, ungetarajia nini? Kila Jumapili alivaa mabuti, akaning'iniza shingoni kamera aliyoinunua kwa mpiga picha za harusi aliyechoka na maharusi, akaingia msituni na kibali chake mfukoni. Alirudi na kupe miguuni na furaha usoni. Picha nzuri alizipeleka kusafishwa, akazitia kwenye fremu za kioo na kuzitundika sebuleni. Chini ya kila moja alibandika lebo nyeupe kama zile za maabara, kwa mwandiko wake wa kusomeka: tarehe, saa, njia, mti, urefu kutoka ardhini. Picha arobaini na moja. Mumewe, mwalimu wa hesabu, zamani alikuwa na mahali pa kutundika kalenda yake.

"Siku moja nitadaiwa kiingilio kwenye sebule yangu mwenyewe," alilalamika.

Picha aliyoipenda kuliko zote ilikaa juu ya televisheni. Hondohondo dume ameng'ang'ania gome la mti, anapenyeza tunda kwenye ufa usiozidi upana wa kidole. Nyuma ya ufa ule alikuwamo jike. Hondohondo ana mambo yake: jike huingia tunduni, mlango ukazibwa kwa udongo, akabaki humo miezi, manyoya ya mabawa yakimpukutika asiweze kuruka hata akitaka. Uhai wake na wa kinda lake wote uko mdomoni mwa dume. Mama Lebo alikuwa amewafuata wawili hao misimu mitatu. Mwaka huu alingoja kitu kimoja tu: siku jike atakapoubomoa ule udongo na kutoka. Wiki mbili zimebaki, alikadiria. Msumari wa picha hiyo alikwisha kuupigilia ukutani.

Wageni wengi waliutazama ukuta ule kwa adabu, wakauliza kama ndege wale wanaliwa, basi. Aliyejua kuangalia alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake, dereva wa gari la mikate. Alikuja kila Jumamosi na mkate wa moto kwapani, akasimama mbele ya picha na kikombe cha chai, akiinama kusoma lebo moja moja.

"Shemeji, huyu hapa ulimpandia mti?"

"Nipande na magoti haya?"

"Basi ngoja nimpige picha kwa simu, nikawatambie wenzangu kazini. Wajue nimeoa kwa wataalamu!"

Moyo ulimjaa Mama Lebo. Jamani, nani hapendi kusifiwa? Akamwashia na taa ili picha itoke vizuri. Hilo la taa ndilo lililomkereketa baadaye kuliko mengine yote.

Jumapili iliyofuata alifika kwenye mti saa mbili na nusu asubuhi. Alielekeza kamera juu, akadhani lenzi imeingia ukungu. Akaifuta, akatazama tena. Ufa haukuwapo. Palikuwa na shimo kubwa lililopasuliwa kwa shoka, mti ukionyesha mwili wake mweupe, mbichi. Misumari minene ilikuwa imepigiliwa kwenye shina, mmoja juu ya mwingine, kama ngazi. Chini vilitapakaa vipande vya udongo mkavu. Na dume alikuwa palepale kwenye gome lake, tunda mdomoni, anachungulia shimoni, anarudi nyuma, anachungulia tena.

Alikaa juu ya mizizi, na kamera ikabaki mapajani haijapiga hata picha moja.

Mlinzi wa msitu alimkuta hapo.

"Nani kafanya hivi?" Mama Lebo alimuuliza. "Nani, jamani?"

Mlinzi alimtazama kwa jicho ambalo hajapata kumtazama nalo, kisha akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Waliidondosha hii, mama. Nimeiokota leo alfajiri hapohapo ulipokaa."

Ilikuwa picha ya picha yake. Fremu yake, ukuta wake, na chini, inasomeka herufi kwa herufi, lebo yake: njia ya kijito, mti wa tatu baada ya jiwe lililopasuka, mita tisa kutoka ardhini, dume hulisha saa mbili hadi saa tatu.

"Mwandiko huu ndio ulio kwenye fomu yako ya kibali," mlinzi alisema. "Nakuuliza kwa heshima zote. Umemuuzia nani?"

Yeye? Auze? Akaisogeza karatasi karibu na macho, na hapo akaona kitu kwenye kioo cha fremu, hafifu lakini dhahiri: kofia ya dereva wa gari la mikate, simu imeinuliwa, na nyuma yake, mkono kwenye swichi ya taa, mwanamke anatabasamu kama bibi harusi. Alikuwa yeye mwenyewe.

"Nipe mpaka kesho asubuhi," alisema.

Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa mdogo wake, mabuti yana matope. Shemeji alikuwa uani anaosha gari.

"Yuko wapi?"

"Nani, shemeji?"

Alimfunulia karatasi. Shemeji alicheka kidogo, kisha kicheko kikamfia mdomoni.

"Aah, hao jamaa nao. Niliwaambia taratibu. Kinda lipo hai, shemeji, linakula vizuri, limeshapata mwenyewe. Yule mkubwa ndiye hakufika hai. Lakini hakuteseka, hakuwa na mabawa hata ya kupigana."

Alimwambia hayo kumfariji! Mama Lebo alimkazia macho.

"Usinitazame hivyo," shemeji akaendelea, sasa amekasirika. "Mimi huko msituni sijawahi kukanyaga. Wewe ndiye uliyeandika kila kitu. Mpaka urefu wa kupigilia misumari."

Mdogo wake alitoka jikoni mikono ina maji. Alipoelewa, aliukamata mkono wa dada yake kwa nguvu.

"Dada, utanifungia mume kwa ajili ya ndege?"

Mama Lebo alikuwa amembeba huyu mgongoni alipokuwa mtoto mchanga. Aliutoa mkono wake polepole, akaondoka bila kuaga.

Nyumbani kwake, mumewe alimkuta sebuleni akibandua lebo kwa kucha. Gundi ile haikuwa ya mchezo, na vidole vilikuwa vimeanza kutoka damu. Alipoelezwa, mwalimu hakutania. Aliweka kando madaftari aliyokuwa akisahihisha, akaleta bakuli la maji ya moto na kitambaa, akaanza na ukuta wa pili. Walibandua lebo arobaini. Ile ya hondohondo Mama Lebo alizuia isibanduliwe.

Asubuhi aliingia ofisini kwa mlinzi na fremu hiyo kwapani. Alipewa fomu. Akaandika tarehe, saa na mahali, kama siku zote. Penye majina ya wahusika akaandika la kwanza.

Mlinzi aliinama kusoma. "Mama, hapa ni pa wakosaji. Hili ni jina lako."

"Najua. Nimesoma."

Kalamu ilisimama muda mrefu. Kisha akaandika jina la pili, la mume wa mdogo wake, herufi moja moja, kwa mwandiko wa kusomeka, akaisukuma fomu upande wa pili wa meza.

Akauliza kama dume bado anakuja. Mlinzi alisema ndiyo, leo alfajiri alikuja, na tunda.