Panua Mstari, Si Nukta

Siku ya kutetea tasnifu yangu ya uzamifu, mama alifunika cherehani yake sokoni Rangwe, akaja Homa Bay amevaa kama anayekwenda harusini. Nilimwomba jambo moja tu: anyamaze. Namjua mama yangu.

Niliandika kuhusu nyuso za kialjebra, yaani maumbo yanayochorwa kwa mlinganyo, zenye mahali pabovu, pale uso unapojibana au kujikata mpaka huwezi kusema unaelekea wapi. Dawa yake ni kupanua: unapaondoa mahali hapo, unaweka badala yake mielekeo yote inayopita pale, na vilivyobanana vinaachana. Ubovu ukibaki, unapanua tena. Mchango wangu ulikuwa kanuni ya kuchagua pa kupanua, ili kazi iwe na mwisho. Kanuni ikianguka, naanguka nayo, narudi Migori ninakofundisha, bila shahada hii.

Ubaoni nilikuwa nimechora uso unaojikata kwenye mstari mzima. Nukta moja ya mstari huo ni mbovu kuliko zote.

"Mtu yeyote angeanza na nukta hiyo," alisema mtahini mmoja, bingwa wa takwimu. "Wewe umeiruka. Kwa nini?"

Nukta hiyo ilikuwa imeninyima usingizi kuliko mtoto mchanga. Nikampa chaki. "Tafadhali, Profesa, ipanue wewe."

Aliandika, akarahisisha, akasita. Mlinganyo alioupata ulikuwa uleule alioanza nao, herufi kwa herufi.

"Ukirudia utaupata tena," nilisema, "mpaka uzeeke." Kisha nikapanua mstari wote kwa pamoja, na uso ukatoka laini kila upande. Nilijivunia ubao ule, na sitajifanya mnyenyekevu.

"Nimeridhika," alisema.

Hapo mama akasimama. Kwetu Wajaluo, mtu husimamisha muziki katikati ya sherehe ili ajisifu, tunaita pakruok. Pale hapakuwa na muziki, na watahini walikuwa hawajatoka kwenda kushauriana.

"Ngojeni kwanza," alisema. "Mimi ndio mama ya huyo. Mimi, fundi wa Rangwe, nilizaa mtu anatoa jasho maprofesa na chaki moja."

Nilikuwa nimemkataza, na nilifurahi sana kwamba hakunisikia. Mwenyekiti aliwatazama watahini mmoja mmoja. Kila mmoja akaitikia kwa kichwa.

"Tumekusikia," akamwambia. "Sasa keti, Mama Daktari."