Kuku wa Kupatana

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Walikuwa hawajakutana na dalali wa mahakama. Huyo huja mchana kweupe na karatasi yenye mhuri, na anakwambia toka.

Karatasi aliyobandika mlangoni kwa Tukuswiga ilitoa siku kumi na nne. Mama huyu aliteremka kutoka Ibaba, milimani Ileje, binti yake Tumaini akiwa bado mgongoni, akapanga vyumba viwili vya Mzee Mbonile hapa Tunduma. Cha nyuma walilala. Cha mbele aliwapikia madereva wa malori wanaosubiri kuvuka kwenda Zambia. Miaka kumi na moja hakuwahi kuchelewesha kodi. Mkataba ulikwisha tu, na mzee alitaka kujenga gesti. Tukuswiga akagoma kutoka. Ana shingo ngumu, tuseme ukweli, lakini angehamia wapi ambako madereva wangemfuata?

Mbonile akafungua kesi baraza la ardhi. Wito ulipoletwa Tukuswiga aliusaini, kisha akafanya kama wafanyavyo kwao. Alichinja jogoo, akampika vizuri, akampeleka kwa Mbonile, ambaye naye ni mtu wa Ileje. Walikula sahani moja. Kwao, waliogombana wakishakula pamoja, anayeufufua ugomvi hana haya.

"Yameisha, baba?"

"Yameisha, mama. Sina kinyongo na wewe."

Siku ya kesi Tukuswiga alikuwa anachambua mchele, roho kwatu. Aende barazani kumwaibisha mwenzake, kana kwamba hakumwamini? Mbonile alikwenda. Baraza likasikiliza upande mmoja, likaamua nyumba irudi kwa mwenyewe.

Tukuswiga alipoiona ile karatasi mlangoni, alikimbilia kwa Restuta, msaidizi wa kisheria. Restuta akamweleza kwamba uamuzi wa upande mmoja unaweza kuombewa utenguliwe, ila aeleze kwa kiapo kwa nini hakufika.

"Wito uliupata?"

"Nilisaini."

"Ulikuwa unaumwa, mama? Una cheti cha hospitali?"

Tukuswiga alimjua mtu ambaye angempatia cheti kabla ya jua kuzama. Akatamani kumwendea.

"Nilikuwa mzima," alisema. "Andika hivyo. Andika nilidhani tumepatana."

Restuta aliandika, lakini hakumficha. Sababu hiyo ilikuwa nyepesi, na maombi peke yake hayamzuii dalali mpaka baraza litoe amri ya kumsimamisha.

Tukuswiga akaenda kwa Mbonile, akamkuta anapima uwanja kwa kamba.

"Baba, si tulikula?"

"Tulikula, mama, sikatai. Ugomvi nilisamehe. Nyumba sikusema nimekuachia."

"Na barazani utasema hivyo?"

"Nitasema hivyo hivyo."

Na angesema kweli, hapo ndipo palipomuuma. Angekuwa mwongo angemlaani akapumua. Alirudi nyumbani akihisi kama mtu aliyefungiwa ghalani: kila ukuta anaousukuma umejengwa vizuri.

Maombi yalipangiwa tarehe ya mwezi uliofuata, na amri ya kumsimamisha dalali haikutolewa. Siku ya kumi na tano dalali alifika na wabeba mizigo wanne. Hakuwa mtu mbaya. Aliwasubiri madereva wawili wamalize kula. Kisha zikatoka sufuria, benchi, meza. Vijana walipoelekea chumba cha nyuma, Tukuswiga alisimama mlangoni.

"Humu msiingie."

"Mama, amri inasema vyumba vyote viwili," dalali alimwambia kwa upole.

"Nimeisoma. Nitatoa mwenyewe."

Aliingia, akajitwika godoro analolala na mwanawe, akapita nalo katikati ya wateja wake. Aliona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yake. Akalitua kando ya barabara, upande uliotoboka ukiwa juu, akarudi ndani kuchukua nguo za Tumaini.