Blada Mguuni mwa Munyao

Kanyiva alikuwa na mdomo. Kabla avae ile suruali ya buluu ya watu wa ambulensi, yenye mistari ya kung'aa, aliuza mayai na njugu kwa madereva wa malori Mtito Andei miaka minne, na pale ukikosa mdomo unalala njaa. Dereva akimtusi mara moja, anatusiwa mara tatu, na yai bado ananunua.

Kwa hivyo Mutunga alipomwekea fomu mbili mezani, hakunyamaza. Mutunga ndiye alikuwa paramedic wa kituo chao cha ambulensi hapo Kibwezi, mwanaume wa maneno machache na yote makali. Fomu moja ilikuwa ya kwenda kusomea paramedic, cheo cha Mutunga mwenyewe, moja kwa moja. Ya pili ilikuwa ya kuongeza EMT, ngazi ya chini yake, mwaka mzima, juu ya ile kozi fupi Kanyiva alikuwa amemaliza. Mwisho wa kuzirudisha ni Ijumaa.

"Chukua ya EMT," Mutunga akasema.

"Nirudi kukaa na watu wa kufunga bandeji? Mimi?"

"Wewe. Mikono yako inakimbia kuliko kichwa."

"Mzee, sema tu unaogopa nikufikie."

Mutunga akacheka kwa pua. "Jaza unayotaka."

Akajaza ya paramedic hapo hapo, kalamu ikitoboa karatasi.

Jumatano saa sita mchana, Mutunga akiwa mkutanoni mjini Wote, simu ikaingia. Jamaa ameumwa na nyoka akivuna ndengu. Kanyiva akaruka ndani, Ben dereva akakanyaga mafuta.

Walimkuta huyo jamaa, Munyao, ameegemea ukuta wa nyumba yao. Nyoka mwenyewe alikuwa hapo kando, ameuliwa kwa jembe, mrefu kama fito, mdomo mweusi ndani. Black mamba. Chini ya goti la Munyao kulifungwa kipande cha blada ya baiskeli, ule mpira wa ndani, kimekazwa mpaka mguu umekuwa rangi ya biringanya.

"Nani alifunga hii takataka?" Kanyiva akafoka.

"Ni mimi, daktari," akasema mama yake Munyao, Nduku, kwa sauti ya mtu ameshikwa akiiba.

"Mnafunga mtu kama mzigo wa bodaboda! Mnataka akatwe mguu?"

Ben akamvuta mkono. "Mpigie Mutunga kwanza."

"Nimpigie anifundishe kushika makasi?"

Kozini walimwambia mtu wa nyoka hafungwi. Hiyo aliishika vizuri. Ukikuta tayari amefungwa unafanya nini, hiyo hakufundishwa, na hakujiuliza. Munyao alikuwa analia, mwanaume mzima. "Dada, kata. Mguu unapasuka." Kanyiva akaingiza makasi, akakata.

Munyao akashusha pumzi ndefu. Akacheka hata. "Umeniokoa, dada. Nitakuletea mbuzi."

"Lete mbili," Kanyiva akamwambia, na akamtupia Ben jicho. Umeona?

Wakampakia kwa gari; walikuwa hawajafika lami. Kope za Munyao zikaanza kuanguka kama za mlevi. Akataka kusema kitu, ulimi ukakataa. Mate yakajaa. Kifua kikapanda kidogo, kikapungua tena, kikaacha. Kanyiva akamwekea kile kifuniko cha uso, akaanza kufinya mfuko wa hewa. Mkono mmoja haubani uso vizuri, na mwingine ndio unafinya, na gari inaruka mashimo. Hewa ikawa inatokea kando, fyuu, fyuu.

"Munyao! Ukinisikia, finya kidole changu!"

Uso wote ulikuwa umepooza, lakini kidole kikafinya. Alikuwa anasikia. Alisikia kila kitu, hata Kanyiva akimwita Mungu, hata Ben akitukana ng'ombe barabarani. Karibu na geti ya hospitali, kidole kikaacha.

Mutunga alirudi jioni. Hakukaa.

"Nani alikata?"

"Mimi."

"Dawa ya sumu ilikuwa inaingia kwa mshipa?"

"Sijui kuweka dawa kwa mshipa."

"Blada ilikuwa imezuia sumu mguuni. Haifungwi, lakini ikishafungwa haikatwi mpaka dawa imeanza kuingia na uko na mtu wa pili wa kumpumulia. Wewe uliachilia yote mara moja. Hii inafundishwa kwa ile kozi ya EMT ulitemea mate." Machozi yakamtoka Kanyiva. "Na usilie hapa. Kulia ni kwa mama yake."

Ijumaa asubuhi Nduku akaja kituoni mwenyewe, na leso ya mazishi, na kilo mbili za ndengu kwa karatasi. Hizo hizo Munyao alikuwa anavuna.

"Hizi ni zako, daktari. Ulimkimbilia. Mimi ndiye nilimuua na ile blada. Hata wewe ulisema nilifunga vibaya. Kanisani nimeomba Mungu anisamehe."

Kanyiva angeweza kunyamaza tu. Mama alikuwa ameshapanga kila kitu, lawama amejibebea, amefunga mzigo. Ben, mlangoni, akawa anamtingishia kichwa: wacha.

"Mwaitu, mama, si wewe," Kanyiva akasema. "Ni mimi. Haikufaa nikate. Nilikata kwa sababu sikujua."

Nduku akamwangalia kutoka viatu mpaka kofia.

"Ungeiacha, angefika?"

"Sijui."

"Ulinifokea mbele ya mtoto wangu," Nduku akasema polepole. "Akafa akijua mama yake ni mjinga." Akachukua ndengu zake. Mlangoni akageuka. "Na hiyo nguo, ni nani alikupatia?"

Akatoka.

Kanyiva akaingia kwa Mutunga. Fomu yake ya paramedic ilikuwa juu ya meza, tundu la kalamu bado linaonekana. Akaisukuma kando, akavuta ile nyingine.

"Ni mwaka mzima," Mutunga akasema bila kuinua kichwa. "Utakaa na watoto wamemaliza shule juzi. Watakuuliza mbona umerudi."

"Nitawaambia."

"Na jina la Munyao pia?"

Kanyiva akaandika pole pole, herufi moja moja, kalamu isitoboe.

"Jina lake pia."