Eda Isiyo na Talaka

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba mbingu na ardhi, na akaumba pia kilicho kidogo hata hakuna jicho lililopata kukiona. Namshukuru kwa umri huu, na kwa mke aliyenipa.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, tukiishi Bagamoyo, mke wangu aliota rovu, uvimbe wa tezi ya shingoni. Mikono ikawa inamtetemeka, moyo unamwenda mbio hata akiwa amekaa, mwili unakwisha. Yeye ndiye aliyekuwa akipika vitumbua vya mtaa wetu.

Dawa za kawaida ziliposhindwa, tulipelekwa hospitali moja ya mbali, akanyweshwa iodini yenye mionzi. Daktari alinieleza kwa upole kwamba tezi ya shingo hula iodini yoyote inayopita mwilini, haibagui. Chembe za iodini hii hazitulii. Huvunjika moja moja, na kila inayovunjika hutoa mionzi inayoiunguza ile tezi iliyozidisha kazi. Nikamuuliza kama kuna namna ya kuziharakisha zimalize. Akasema hakuna, uzipashe moto, uzitie barafu, ni mamoja. Nusu yazo huondoka kwa muda wake, kisha nusu ya zilizobaki, vivyo hivyo mpaka zinakwisha. Lakini chembe ipi itatangulia, hakuna mtaalamu ajuaye. Tangu utotoni nilifundishwa hivyo hivyo juu ya roho zetu.

Walimlaza siku kadhaa, kisha wakaturuhusu kwa masharti. Kwa wiki chache alale peke yake, awe na vyombo vyake, asimkaribie mtoto wala mja mzito. Mke wangu akaongeza sharti lake, kwamba mtu yeyote asijue. Siku hizo ukitaja atomu watu walikumbuka bomu tu.

"Wakijua," aliniambia, "nani tena atakula kitumbua changu?"

Sasa, kwetu sisi, mke akihamishiwa chumba cha peke yake, akatengwa na sinia, naye bado yumo nyumbani mwa mumewe, watu hawaulizi. Ameachwa talaka rejea, ile ambayo mume aweza kumrudia mkewe, anakaa eda. Majirani wakaanza kuniamkia kwa sauti ya chini. Habari ikafika Saadani kwa wakwe zangu.

Asubuhi moja mama mkwe akaingia, pamoja na mdogo wa mke wangu, mja mzito wa mimba ya kwanza. Nikatoa shikamoo. Marahaba yake ilikuwa baridi.

"Umemwacha mwanangu, baba, hata mtu wa kutuambia hukutuma?"

Nikasema sijamwacha. Akanitazama, akatazama sahani ya peke yake iliyoanikwa uani, akasema kama huko si kuacha, basi nimwambie mwenyewe kunaitwaje. Nilikuwa nimempa mke wangu neno langu, nikarudia tu kwamba sijamwacha. Yule mdogo hakungoja. Alisema atalala na dada yake usiku huo, shemeji apende asipende, akaelekea chumbani. Nikasimama njiani mwake, jambo ambalo lilizidi kunihukumu.

Ndipo tukasikia komeo likifungwa kwa ndani.

"Usije, mdogo wangu," mke wangu akasema. "Sikuachwa. Nimenyweshwa dawa yenye mionzi, na bado inatoka mwilini mwangu. Nikikukumbatia, nitamdhuru huyo uliye naye."

Alijua siri yake inatoka mlangoni pale, naye akaitoa.

Yule mdogo akarudi nyuma, mikono tumboni. Mama mkwe akauliza itakwisha lini. Nikamweleza kama nilivyoelezwa. Akamrudisha binti yake Saadani siku ile ile. Yeye akabaki, akawa anakaa uani mbali kidogo na dirisha, wakiongea. Majirani walipouliza, aliwajibu bila kupepesa macho:

"Mkwe wangu ameshajuta. Anaomba kumrejea, tunamfikiria."

Nikayabeba maneno hayo. Vijana wa barazani walinitania kwamba ninabembeleza mke wangu mwenyewe, na wazee wakanipa mawaidha marefu ya ndoa, ambayo, nasema kweli, yalinifaa. Muda ulipotimia, mtaa mzima ulikuja kunipongeza kwa kurejeana, nao wakaondoka wameshika vitumbua.

Yule mdogo alijifungua salama, mtoto wa kike, na dada yake ndiye aliyempakata wa kwanza.

Wewe unayesoma, Mwenyezi Mungu akuponye unachoumwa, akupe subira ya kungoja kisichoharakishwa, na akuhifadhie wale unaowapenda ukiwa nao mbali. Amin.