Siku Niliyomtoa Baba Darasani

Baba alifundisha shule za msingi huko Makueni mpaka alipostaafu, na mimi mwenyewe nilisoma kwake. Nyumbani huniita mwaitu, yaani mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. Darasani alinichapa kama wengine, na wakati mwingine zaidi yao, watu wasije wakasema anapendelea.

Nilipopata kazi ya ualimu karibu na Matinyani, huko Kitui, niliapa darasa langu halitafanana na lake. Nilitoka semina moja nikayaondoa madawati ya Gredi ya Nne kwenye mistari, nikayapanga kwa makundi. Hesabu tukawa tunafanya kwa punje za ndengu na vifuniko vya soda. Watoto walibishana, wakakosea, wakarudia. Kelele zilikuwepo, sikatai. Lakini kulikuwa na msichana mmoja ambaye muhula mzima wa kwanza hakufungua mdomo, na sasa alianza kuwaambia wenzake kwa sauti ndogo, "Hapana, hebu tugawe tena."

Baba alikuja Kitui kupimwa macho, akapitia shuleni bila kunipigia simu. Nilishtukia tu amesimama mlangoni na koti lake la kanisani, kofia mkononi. Watoto wakasimama kumwamkia. Nilifurahi, nikamvutia kiti.

Hakukaa. Alikanyaga ndengu zilizomwagika sakafuni, akainama kutazama ni nini.

"Mwaitu, hii ni shule ama ni soko ya Kwa Vonza?"

Watoto wakacheka. Nikacheka pia, ili ionekane ni mzaha.

"Nipe chaki," akasema.

Nikampa. Nilimpa upesi, kama vile nilikuwa bado mwanafunzi wake.

Aliwageuza wote watazame ubao, akaanzisha jedwali la nane. Darasa zima likaitikia kwa sauti moja, migongo imenyooka. Naibu wa mwalimu mkuu, aliyekuwa akipita, alisimama dirishani. "Leo ndiyo nasikia watu wakisoma huku," akasema, akaenda zake. Uso ulinichoma. Kibaya zaidi, nilijua ni kweli kulisikika vizuri, na kwa muda mfupi nilifurahia ule utulivu.

Kisha Baba akamnyooshea kidole yule msichana. "Saba mara nane?"

Msichana alisimama. Midomo ilitikisika, neno halikutoka.

"Saba mara nane!"

"Hamsini na... na nne."

Baba alimshika sikio, akalivuta juu hadi mtoto akasimama kwa vidole vya miguu. Machozi yalimtoka bila sauti.

"Baba, mwache," nikasema.

Hakugeuka.

"Baba, toka nje."

Sikupiga kelele, lakini darasa zima lilisikia. Alimwachilia. Akaweka chaki mezani, akapangusa mikono, akachukua kofia. Huko nyuma mtoto mmoja akanong'ona kwa Kikamba kwamba mwalimu amemfukuza babake. Baba naye alisikia. Mlangoni alisema, "Haya, mwalimu," akatoka. Hakusema mwaitu.

Nilimtazama kupitia dirisha akivuka uwanja kuelekea barabarani, akipapasa njia kwa miguu kwa sababu ya yale macho. Sikumfuata. Nilijiambia siwezi kuacha watoto peke yao. Ukweli ni kwamba niliogopa kumtazama usoni.

Jioni Mama alipiga simu. "Baba yako amefika salama. Amesema ulimpokea vizuri sana, ati hata watoto walimwimbia."

Nilisema tu kwamba mtandao unasumbua.

Habari haikukaa shuleni. Jumapili, nje ya kanisa, mzazi mmoja alinisalimia kwa heshima zote, kisha akauliza, "Mwalimu, na sisi tukija kuona watoto wetu, utatufukuza?" Wenzake walitazama chini. Nami nilitazama chini.

Shule zilipofungwa nilienda nyumbani. Nilimkuta Baba uani akiambua mbaazi kwenye karai. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno, na yote yakanipotea.

"Baba, ile siku..."

"Yule msichana anaitwa nani?" akanikatiza.

Nikamwambia.

Alilirudia jina hilo polepole. "Nilimshika sikio na sikumuuliza jina. Miaka yangu yote, wale niliowashika masikio..." Vidole vyake viliendelea na mbaazi.

"Sikuombi msamaha kwa kukutoa," nikasema. "Ninaomba kwa sababu sikukusindikiza. Uliondoka peke yako na hukuwa unaona vizuri."

"Ungenisindikiza ungeacha darasa."

Nilitamani anigombeze. Kama angenifokea, ningepata la kujitetea. Badala yake aliniambia nilete kiti, nisichuchumae kama mgeni. Tuliambua mpaka karai likajaa, na katika muda huo wote sikuweza kuinua macho.

Muhula wa tatu nilirudi kwenye makundi yangu. Naibu bado hukunja uso akipita. Hilo nimezoea. Msichana anagawa ndengu na wenzake, nami nikiwa mbali huwa namwona akiongea, hata akibishana. Lakini nikikaribia dawati lao hunyamaza, na mkono wake hupanda taratibu mpaka kwenye sikio.