Maganda Sita Mkononi

Nina duka la vyuma Kawangware, Nairobi, sehemu iitwayo Kongo, na bastola yenye leseni niliyoiomba baada ya duka kuvunjwa mara mbili. Aliyenifundisha kuitumia ni jirani wa dada yangu huko Kambi Muru, Kibera: mama mfupi, sajini mstaafu wa polisi. Mengine niliyasoma vitabuni, na hilo lilimchekesha.

“Kwani jambazi atakungoja ufungue ukurasa?” aliniuliza.

Mwaka jana akawa yeye anayehitaji msaada. Uwanja mmoja wa shabaha nje ya mji ulitafuta mkufunzi, na mtihani ulikuwa kupiga risasi sita, kujaza upya, kisha kupiga sita nyingine ndani ya sekunde ishirini. Shabaha yake haikuwa na kasoro. Kujaza ndiko kulikomchelewesha. Asipopata kazi hiyo ingembidi arudi kwao kando ya ziwa, akae kwa kaka yake, ambaye mkewe alishamtumia ujumbe kwamba nyumba ni ndogo.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda kwake na bastola tupu na risasi bandia nilizochongesha kwa fundi wa shaba, zitumike pia badala ya maganda. Za kweli nilizifungia dukani. Nilimtazama akijaza mara kumi, nikipima kwa saa ya simu.

Kujaza haraka ni mwendo mmoja usiokatika. Unafungua silinda, ile ngoma yenye matundu sita ya risasi, unainua mdomo wa bastola juu kabisa, unagonga kijiti cha kusukumia maganda mara moja, kwa nguvu, nayo yanaanguka kwa uzito wake. Kisha mdomo unaelekea chini, na mkono wa kulia unaleta kile kidude cha mviringo kinachoshika risasi sita kwa pamoja. Unazungusha kitasa, zinaingia, unafunga silinda kwa kiganja.

Yeye hakuinua mdomo. Aliilaza bastola ubavu, akayamimina maganda kiganjani, akayatia mfukoni, ndipo akatafuta risasi. Mara ya nne ganda moja lilikwama.

Nilipomwambia, alikataa kwamba alifanya hivyo. Nikamwomba aguse mfuko wake. Aliyatoa yote sita, akayaangalia, akaketi kitandani.

Alinieleza kwamba kikosini kila ganda lilirudishwa kwa mtunza silaha. Wakati mmoja, akiwa kurutu, lake moja lilipotea, wakalitafuta nyasini kwa magoti tangu asubuhi hadi jua la alasiri, kundi zima, kwa sababu yake. Hakuna aliyemsemesha juma zima.

Tulifanya mazoezi majuma matatu. Nilimshauri avae gauni lisilo na mfuko. Mkono bado ulishuka nyongani, ukafunguka, risasi bandia zikamwagika sakafuni, naye akaniita mchawi. Kisha nikatandika blanketi miguuni pake na kumwambia kwamba hazipotei, zinangoja tu. Hilo ndilo lililomsaidia, kuliko vitabu vyangu vyote.

Siku ya mtihani nilisimama nyuma ya kamba. Alipiga sita. Mdomo ukapanda juu, kiganja kikagonga, maganda yakatawanyika kwenye changarawe bila yeye kuyatazama. Sita nyingine. Mtahini, kijana mwenye kofia, alisimamisha saa na kusema zimebaki sekunde mbili.

Sajini alifungua silinda, akamwaga maganda ya mwisho, akahakikisha bastola ni tupu na kuiweka mezani. Kisha akapiga magoti, akaokota maganda moja moja.

“Mama, umepita,” kijana alisema. “Hayo tunafagia jioni.”

“Yapo kumi na moja tu,” alijibu bila kuinua kichwa.

Nilivuka kamba baada ya kuruhusiwa, nikapiga magoti upande wa pili. Kijana alitutazama kidogo, akavua kofia, naye akainama. Yeye ndiye aliyeliona ganda la kumi na mbili, limejibana kwenye mguu wa meza.

Sajini aliyapanga yote mezani, mawili mawili, akamsogezea kijana.

“Hesabu,” alimwambia. Kijana akahesabu kwa sauti hadi kumi na mbili, na hapo tu ndipo Sajini alipouliza kazi inaanza lini.