Ndevu za Pamba

Mimi ni mwoga, sijawahi kujisingizia ushujaa. Hata jukwaani hutetemeka kwanza, ndipo sauti ije. Lakini woga wa jukwaani ni mchezo wa watoto ukilinganisha na ule ulionipata Jumapili moja mchana pale Buzuruga, kwenye ukumbi wa nyuma ya baa ambako kikundi chetu kilikuwa kikiigiza.

Mwaka huo wanawake wa kanisa letu walikuwa na kampeni ya kufunga kumbi za maonyesho. Walisema ndimo mabinti wanamoharibikia. Kweli, zipo zilizoweka wacheza viuno nusu uchi, lakini sisi tuliigiza habari za mzee mchoyo anayeongeza ng'ombe wa mahari kila siku. Nani angesikiliza? Samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Walikuwa wakijipanga mlangoni na kuimba mapambio. Mwanamume akitoka, walimsalimia na kumpisha. Mwanamke akitoka, walimfunga kitenge kiunoni wakamwongoza kanisani, akatubu mbele ya watu, kisha akatengwa: hakuna Meza ya Bwana, hakuna kuimba kwaya. Na kiongozi wao alikuwa mama yangu mzazi. Nilikuwa nimemuaga kwamba nakwenda kumsuka rafiki yangu.

Tulikuwa katikati ya mchezo tuliposikia mapambio, na sauti ya mama ikiongoza. Bahati yangu, mimi ndiye niliyekuwa yule mzee: koti refu, bakora, na ndevu za pamba ya Magu zilizobandikwa kwa gundi. Kiongozi wa kikundi akaninong'oneza, "Toka hivyohivyo. Wewe leo babu, nani atakugusa?"

Nikatoka nimeinama, jasho likilegeza ndevu. Wanawake wakanipisha huku wakiimba. Nilikuwa karibu kabisa na barabara wakati mama, mtu wa adabu zake, aliponisogelea na kusema, "Shikamoo, baba."

Jibu lilikuwa neno moja tu, na jukwaani nililisema kila wiki. Lakini kumwitikia marahaba mama aliyenizaa! Ulimi uligoma. Kabla sijaamua la kufanya, magoti yakashuka chini yenyewe, kama nilivyolelewa, nami nikasikia sauti yangu halisi ikisema, "Shikamoo, mama."

Kwa kelele za mapambio, yeye peke yake ndiye aliyesikia. Kitenge kilikuwa mikononi mwake. Nikafumba macho nikingoja kufungwa, na nilitamani ardhi inimeze.

"Jamani, mpisheni mzee, magoti yanamsumbua," akawaambia wenzake. Akaninyanyua mwenyewe.

Nyumbani alinipakulia chakula kama kawaida. Wiki nzima nilikula kwa hofu nikingoja kugombezwa, na kila alipokohoa nilishtuka. Heri angenichapa, yangekwisha.

Jumapili iliyofuata alisimama kanisani akaomba kuacha uongozi. Mchungaji alipouliza sababu, alisema yupo mwanamke ambaye yeye alipaswa kumfunga kitenge, lakini akamwachia makusudi.

"Ni nani huyo, mama?" mchungaji akauliza.

Nilikuwa nimekaa nyuma yake, nimeng'ang'ania benchi kwa mikono miwili. Mama hakugeuka.

"Nitengeni mimi," akasema.

Wakamtenga.